JIBU LETU KWA TANGAZO LA VIZIBO VYA MASIKIO



Kila aliyepita mbele ya ubao wa matangazo wiki iliyopita ameliona tangazo la wakubwa juu ya vizibo vya masikio. Kwa ndugu zetu wa gengi walio mbali na ofisi, twalieleza hapa kwa ufupi. Lasema kwamba tangu mwezi ujao kila mtu wa karakana, wa yadi na wa njia ya reli atapewa jozi moja ya vizibo vya sponji kwa mwezi, aina moja kwa wote, naye atatia sahihi kitabuni kwamba amepokea. Kisha laongeza maneno ambayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu: ati vizibo hivi vimekwisha jaribiwa mahali penye kelele kupita karakana yetu, yaani katika uwanja wa shabaha za bunduki, na hakuna mfanya kazi aliyelalamika. Maana yake, kama vyatosha bunduki, vyatosha nyundo.

Maneno hayo ni matamu kusoma, na karani aliyeyapiga chapa bila shaka alidhani amemaliza ubishi. Lakini hao waliojaribiwa vizibo ni sisi. Twajua yaliyotokea, na twajua nani alilalamika na nani alikataa kuandika.

Tulikuwa mafundi wanne. Tulitumwa kwa siku mbili katika uwanja mmoja wa shabaha, ambao jina lake hatulitaji, kuchomelea upya sahani za chuma zinazopigwa risasi na kutengeneza fremu zake. Tuliambiwa uwanja utafungwa tukiwa kazini. Haukufungwa. Upande mmoja sisi twachomelea, na upande wa pili wa tuta la udongo wenye bunduki wanaendelea na mchezo wao. Mnyapara alitugawia vizibo vya sponji, vile vile vya tangazo, akatuambia tuvitie masikioni tusipoteze wakati. Namna ya kuvitia hakutuonyesha.

Sasa tazameni tuliyoyaona pale. Mwenye bunduki, aliyekuja kwa saa moja tu kisha akarudi kwake, alikuwa na vizibo ndani ya masikio na vifuniko vikubwa juu yake, viwili pamoja. Bwana msimamizi alikuwa na vifuniko vya betri, vile vinavyoruhusu maneno ya watu kupita na kuuzuia mshindo wa bunduki. Lakini kijana anayebandika karatasi za shabaha, ambaye hushinda pale tangu asubuhi mpaka jioni siku sita kwa juma, alikuwa na pamba. Mama anayeokota maganda ya risasi alikuwa na leso kichwani, basi. Na mzee mmoja alikuwa ametia maganda matupu ya risasi, moja kila sikio, akasema amefanya hivyo miaka mingi. Tulimwuliza swali hilo mara tatu ndipo alipolisikia.

Jioni ya siku ya kwanza tulirudi kwa lori tukipigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Sauti za wenzetu zilikuwa kama zatoka chini ya blanketi. Ndani ya masikio mlikuwa na mlio mwembamba, kama birika linapoanza kuchemka, na mwenzetu mmoja aliendelea kuusikia mpaka siku ya tatu. Tulimweleza mnyapara usiku ule ule. Alisema, "Mtalala utaisha." Hakuandika neno. Na kwa kuwa hakuandika, leo yasemwa kwamba hakuna aliyelalamika. Hivi ndivyo ushahidi unavyotengenezwa.

Basi twaanza na bunduki, kwa sababu wakubwa wenyewe ndio walioileta katika shauri hili.

Nguvu ya kelele hupimwa kwa desibeli. Si hesabu ya kawaida kama ya kilo za unga. Kila ukiongeza desibeli 10, nguvu ya sauti imezidi mara 10. Ukiongeza 20, imezidi mara 100. Bunduki ndogo kabisa, ile ya .22 ambayo watu huiona kama mchezo wa watoto, mshindo wake hufika karibu desibeli 140. Bastola, shotgun na bunduki kubwa za risasi ndefu ni kati ya 150 na 170. Na Sheria za Kuzuia Kelele mahali pa kazi, zilizotolewa hapa Kenya mwaka 2005, zaweka 140 kuwa mpaka wa mshindo ambao mfanya kazi asiufikie hata mara moja. Mara moja, ndugu, si mara mia. Kwa hiyo mtu anayesimama karibu na bunduki kubwa bila kinga, au na pamba tu, amevuka mpaka huo kwa risasi ya kwanza.

Mshindo wa bunduki wafanya haraka kuliko mwili. Sikio lina msuli mdogo ambao hujikaza kelele ikiwa kubwa, ili kulinda sehemu za ndani. Lakini msuli huo wachelewa. Bunduki hulia na kumaliza katika elfu chache za sekunde, na msuli bado haujashtuka. Ndani kabisa ya sikio, katika kitu kilichojikunja kama nyumba ya konokono, mna vinywele vidogo mno, vipatavyo 15,000 kila upande, ambavyo ndivyo vinavyopokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Mshindo mkubwa huvilaza kama upepo ulazavyo mtama. Vingine huinuka tena baada ya usiku mmoja au mbili, na hapo mtu hudhani amepona. Vilivyokufa havioti tena. Hakuna daktari, wa hapa wala wa Ulaya, anayeweza kuviotesha leo, na mashine ya kusikia hukuza sauti tu, hairudishi kilichokufa.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga bunduki wazee hulijua sana. Anayefyatua bunduki ndefu kwa bega la kulia huwa kiziwi zaidi sikio la kushoto, kwa sababu hilo ndilo lielekealo mdomo wa mtutu, na la kulia limekingwa na kichwa chake mwenyewe. Na bunduki iliyofungwa kile chuma chenye matundu mwishoni mwa mtutu, cha kupunguza teke, humpunguzia maumivu ya bega yule anayeifyatua, na kumtupia kelele jirani yake aliye ubavuni. Katika jengo lililofungwa ni vibaya zaidi, maana kuta na dari hurudisha kila mshindo. Haya twayasema ili ijulikane kwamba "uwanja wa shabaha" si jina la kelele ya namna moja. Kuna tofauti ya bunduki, ya mahali na ya mahali unaposimama. Mtu anayesema kizibo fulani "chatosha uwanja wa shabaha" bila kusema bunduki gani na umbali gani, hajasema kitu.

Sasa tuje kwenye kizibo chenyewe. Pakiti tuliyopewa imeandikwa NRR 29. Karani wa stoo alituonyesha tarakimu hiyo kwa fahari, kama mtu anayeonyesha cheti. NRR ni kipimo cha Marekani cha desibeli zinazopunguzwa na kinga. Za Ulaya huandikwa SNR. Lakini tarakimu hiyo hupatikana katika chumba cha majaribio, ambapo mtu huketi kitini ametulia, na mwenye ujuzi yuko karibu kuhakikisha kizibo kimekaa sawa. Hakuna jasho wala grisi. Ndiyo maana NIOSH, taasisi ya Serikali ya Marekani inayochunguza afya ya wafanya kazi, imeshauri kwamba tarakimu ya pakiti ipunguzwe ndipo itumike: vifuniko vya juu vipunguzwe robo, vizibo vya sponji nusu, na vizibo vya namna nyingine asilimia 70. Basi 29 yetu inakuwa 14 na nusu. Kama bunduki yalia 165, sikioni panafika 150. Ule mpaka wa sheria ni 140. Tulikuwa na kinga masikioni na bado tulipigwa na nguvu mara 10 ya ile iliyokatazwa. Wenye bunduki walijua hivyo. Ndiyo sababu wao walivaa viwili.

Na hata hao wa viwili wasidanganyike. Wako watu wanaojumlisha, kizibo 29 na kifuniko 25, wakapata 54, wakaona wamekuwa chuma. Haijumlishwi hivyo. Ukivaa kifuniko juu ya kizibo, hesabu ile kubwa kati ya hizo mbili, kisha ongeza 5 hivi. Sababu moja ni kwamba sauti kubwa hupita pia katika mifupa ya kichwa, na mfupa hauna kizibo. Lakini hizo 5 kwa bunduki kubwa ni mali, tena kimoja kikilegea kingine kipo. Kwa hiyo kwa bunduki yoyote kubwa, na ndani ya jengo kwa bunduki yoyote ile, tunasema viwili pamoja, kwa mpigaji na kwa kila mtu aliye karibu, hata kwa anayefagia.

Pamba haimo katika hesabu hii. Pamba kavu huzuia kidogo sana, wala ganda la risasi halikutengenezwa kwa sikio la binadamu. Mwajiri anayempa mtu pamba amempa kitu cha kumtuliza roho.

Wala mtu asidhani kwamba jina kubwa juu ya pakiti lamaliza shauri. Jeshi la Marekani lilinunua kwa miaka mingi vizibo vya ncha mbili vilivyouzwa na kampuni ya 3M. Ikadaiwa kwamba vilikuwa vifupi mno kukaa vizuri katika masikio ya baadhi ya watu, na kwamba vyaweza kulegea bila mvaaji kujua. Mwaka 2018 kampuni hiyo ilikubali kuilipa Serikali ya Marekani dola milioni 9.1 kumaliza madai hayo, na mwaka 2023 ilikubali kulipa dola bilioni 6 hivi kumaliza mashtaka ya askari na waliokuwa askari, bila kukiri kosa. Wadai walikuwa mamia ya maelfu. Ikiwa jeshi lenye wahandisi, madaktari na maabara laweza kununua kizibo kisha shauri lifike huko, je, stoo yetu, inayonunua kwa kutazama bei, itatuambia sisi tusiulize?

Kizibo kizuri ni kile kinachokaa katika sikio la mvaaji. Masikio si sawa. Wanawake wengi wana tundu dogo, na kizibo kinene hutoka chenyewe. Wanaume wengine wana tundu lililopinda. Hata masikio mawili ya mtu mmoja yaweza kuwa tofauti. Kwa hiyo lazima kuwe na vipimo vitatu au zaidi, mtu achague. Na sponji ina namna yake. Osha mikono kwanza. Kivingirishe kizibo katikati ya vidole mpaka kiwe chembamba bila kukunjika. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, shika sikio juu, livute juu na nyuma ili tundu linyoke. Kiingize upesi, kisha kishikilie kwa kidole kwa nusu dakika mpaka kijaze. Ukitaka kujua kama kimekaa, funika masikio kwa viganja mahali penye kelele: kama kelele imepungua sana, kizibo chako hakijakaa, kitoe uanze tena. Hii ndiyo kazi ya dakika mbili ambayo mnyapara aliona ni kupoteza wakati. Watu wengi tuliowatazama karakanani hukiacha kizibo kimening'inia mlangoni mwa sikio kama njugu, na hicho hakizuii chochote.

Jozi moja kwa mwezi! Sponji ni kitu cha kutumia na kutupa. Ikishaingia grisi na vumbi la chuma haivimbi tena sawasawa, na kuirudisha sikioni ni kutia uchafu mahali ambapo hata kidole hakifiki. Anayetaka kutoa jozi moja kwa mwezi na anunue vile vya mpira vinavyooshwa kwa sabuni, au vifuniko.

Vifuniko navyo vina mambo yake. Vyafaa kwa mtu anayevaa na kuvua mara nyingi, na mnyapara aweza kuona kwa mbali nani amevaa. Lakini pete yake laini lazima ikae juu ya ngozi pande zote. Mkono wa miwani ukipita chini yake, kofia, leso au nywele nene zikiingia, mlango umefunguka na kelele yaingia. Wachomeleaji, sisi huvaa miwani na ngao ya uso, kwa hiyo kifuniko cha kawaida hutusumbua. Vizibo ndivyo vyetu, au vifuniko vinavyofungwa kwenye kofia ngumu. Kwa mpiga bunduki ndefu kikombe kikubwa hugonga kitako cha bunduki na kufunguka wakati ule ule wa mshindo, naye huhitaji kilicho chembamba. Pete ikikauka na kupasuka ibadilishwe. Tumeona stoo vifuniko ambavyo pete zake zimekuwa ngumu kama gome la mti, na bado vimo kitabuni kama vizima.

Hayo ni ya bunduki. Tuje kwetu, maana hapa ndipo tangazo linapoanguka mara ya pili.

Kelele ya karakana si mshindo mmoja kisha kimya. Ni grainda, patasi ya upepo, kompresa, na injini ya dizeli inayojaribiwa huku milango imefungwa, saa baada ya saa. Hiyo haiui kwa pigo moja. Hula polepole. NIOSH hao hao wasema mtu asizidi saa 8 katika desibeli 85, na kila zikiongezeka 3, saa zipunguzwe nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, na 100 kwa robo saa tu. Sheria yetu ya 2005 yaruhusu 90 kwa saa 8, nasi twaona hata hiyo ni kubwa. Lakini sheria hiyo hiyo yataka mwajiri aanze mpango wa kupunguza kelele na kuhifadhi masikio ikiwa imezidi 85. Karakana yetu ni ngapi? Hatujui, kwa sababu haijapimwa tangu tulipoingia sisi. Wakubwa wamechagua dawa kabla ya kumpima mgonjwa.

Kisha wako ndugu wa gengi. Wao hujua fataki zile za bati zinazofungwa juu ya reli ili gurudumu lizikanyage na kumwonya dereva. Huo ni mshindo, ni ndugu ya bunduki, na mtu hutakiwa kusimama mbali kwa kuwa hata vipande vya bati huruka. Lakini siku nyingi kazi ya gengi haina mshindo. Ina sululu na masikio yanayongoja gari. Mtu wa gengi aliyezibwa kabisa hasikii honi, hasikii filimbi ya mlinzi wake. Vile vile wanaopanga mabehewa yadi. Wataalamu wa Ulaya hushauri kwamba sauti inayobaki sikioni baada ya kinga isishuke chini ya 70, kwa sababu kuziba kupita kiasi nako ni hatari. Basi hiyo "aina moja kwa wote" yampa mchomeleaji kidogo na yampa mtu wa gengi nyingi mno. Mmoja atakuwa kiziwi, mwenziwe atagongwa na gari moshi. Watu hawa ndio wafaao kupewa vile vifuniko vya betri tulivyoviona kwa bwana msimamizi wa bunduki, vinavyopitisha maneno na filimbi na kukata mshindo. Ni ghali, twajua. Lakini kama vyafaa kumlinda mtu anayesimamia mchezo, hatuoni sababu visifae kumlinda anayetengeneza njia ya watu na mizigo ya nchi.

Sasa neno kwa wenzetu wenyewe, maana si wakubwa tu wanaotukwamisha. Kuna mafundi husema, "Mimi nimezoea, sikio langu gumu." Sikio halizoei kelele. Likionekana limezoea, ni kwamba sehemu ya kusikia imekwisha kufa, ndiyo maana kelele haiumi. Kwanza hufa sauti nyembamba, kama ya ndege, ya saa ya mkononi, ya mtoto mdogo na ya herufi s na f. Mtu husema, "Nasikia, lakini watu siku hizi hawasemi vizuri." Nyumbani mkewe huita mara tatu, naye hudhani anadharauliwa. Barazani hucheka wengine wakicheka, bila kujua kilichosemwa. Wazee waliotengeneza boila za magari makubwa ya Garratt, kama lile la Mount Gelai linalokaa sasa katika jumba la makumbusho la reli Nairobi, wengi wao twawajua hivyo. Na si mambo ya Afrika peke yake. Mwaka 1886 daktari Thomas Barr wa Glasgow alipima masikio ya mafundi boila 100. Hakupata hata mmoja mwenye kusikia kuzima. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema leo kwamba jambo hili ni jipya na wakubwa wapewe muda wa kulichunguza.

Wengine hutujibu kwa methali: sikio la kufa halisikii dawa. Methali ni nzuri, lakini hapa haina mahali. Masikio haya hayakuandikiwa kufa. Yaliingia kazini mazima, na yule aliyeyapokea mazima ana deni.

Na deni hilo limeandikwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga vinavyofaa, na yataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo yahesabu ugonjwa uliotokana na kazi pamoja na ajali. Lakini mtu asipopimwa masikio alipoanza, baadaye ataambiwa ni uzee, au ni muziki wa matatu, au alizaliwa hivyo. Sasa mnaona sababu ya kile kitabu cha sahihi. Sahihi yako yasema umepokea kinga. Haisemi kama ilikutosha, kama ulifundishwa, kama ilikuwa ya kazi yako. Miaka 10 ikipita, kitabu kitaletwa mbele ya hakimu, na jina lako limo mara 120.

Tena kizibo ni kitu cha mwisho, si cha kwanza. Kompresa yaweza kuhamishiwa nje ya ukuta. Bomba la kutolea upepo laweza kufungwa kizuia kelele. Injini zaweza kujaribiwa uwanjani, na mafundi wa patasi waweza kupokezana saa. Na katika uwanja wa bunduki, dawa ya kwanza isiyo na gharama hata ya senti ni kwamba risasi zisimame wakati fundi yuko kwenye sahani. Hayo yote hayamo katika tangazo, kwa sababu yanamgharimu mwenye mali wakati, na kizibo chamgharimu mvaaji.

Kwa hiyo kamati ya tawi itapeleka haya kwa wakubwa. Kelele ipimwe karakanani, yadini na kwenye njia, mbele ya wajumbe wetu. Kila mtu apimwe masikio sasa, apewe karatasi yake mkononi, kisha apimwe kila mwaka. Vizibo viwe vya vipimo mbalimbali na vitolewe kila vinapochakaa. Vifuniko kwa wanaovihitaji. Vya betri kwa gengi na yadi. Mafunzo ya kuvaa yafanywe ndani ya saa za kazi. Asitumwe fundi yeyote tena katika uwanja wa shabaha mpaka ipatikane barua kwamba bunduki zitanyamaza. Na lile neno "hakuna aliyelalamika" lifutwe ubaoni, maana majina ya waliolalamika ni manne, na tarehe twaijua.

Wale wa uwanja wa shabaha si wanachama wetu. Kijana wa pamba alituuliza kama chama chaweza kumsaidia mtu asiye wa reli. Tulimwambia tutaleta habari yake, nasi tumeileta. Katibu anatafuta chama kinachowafaa.

Mkutano wa tawi utakuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, mahali pa kawaida. Ndugu wa gengi wamtume angalau mmoja kwa kila kambi. Mwenye mlio masikioni, hata kama ni mdogo, aandikishe jina lake kwa katibu kabla ya siku hiyo, pamoja na kazi anayofanya na miaka aliyoifanya. Kitabu cha stoo kisitiwe sahihi na mtu yeyote mpaka mkutano uishe.